Nilichukua hela ya mchezo nikanunua sosi ya staa

Wapenzi, leo nina ubuyu wangu mwenyewe, siyo wa mtu. Ila staa yumo ndani, na jina lake litabaki kapuni maana sitaki kesi. Msinicheke kwenye komenti.

Nilienda kwenye sendoff ya rafiki yangu. Shangazi yake akanishika mkono mbele za watu: "Mwanangu umejiachia, au tunatarajia?" Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Usiku usingizi hauji, naperuzi simu, ndo nikamuona dada yetu wa muvi, kiuno cha nyigu, bakuli la spinachi mbichi mkononi na chupa pembeni. Eti sosi yake inayeyusha tumbo. Sh 35,000.

Hela niliyokuwa nayo ni 40,000 ya mchezo. Zamu ya kupokea ilikuwa ya jirani yetu mmoja, alikuwa anaisubiri alipe ada ya mtoto. Nikamwambia kijumbe mtandao unasumbua, nitatuma kesho. Nikamtumia staa.

Chupa ikaja na bodaboda. Haina orodha ya vilivyomo, haina tarehe ya kuisha muda, ina picha yake tu anatabasamu. Mafuta yameelea juu, maji yako chini. Nikatikisa, nikaonja. Mafuta, ndimu, asali, kitunguu saumu. Basi! Na mimi na shule yangu ya kuungaunga nikapiga hesabu: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya mzeituni au ya alizeti. Nilikuwa namwagia vijiko vitano vitano. Hilo tumbo litayeyukaje?

Spinachi nayo ikanishinda. Ya kwake ilikuwa ile ya majani madogo laini ya supamaketi. Mimi nilinunua ya gengeni, majani kama sikio la tembo, nikawa natafuna kama ng'ombe. Mara hodi. Kijumbe. Na genge ni lake, spinachi nimenunua kwake asubuhi ile ile. Nikamwamkia, akaitika, akaangalia chupa, akaniangalia mdomo unavyong'aa mafuta.

"Mwanangu, mtandao umerudi?"

Nikamwambia yote. Hakugomba, na bora angegomba. Akasema tu, "Mwenzio kaenda kukopa kwa riba, mtoto asirudishwe nyumbani." Kisha akachukua bakuli langu akaliangalia kwa huruma. "Na hii hailiwi hivi."

Kumbe spinachi nyingi ya masoko yetu siyo spinachi yenyewe. Inaitwa Swiss chard, ni mmea mmoja na bitiruti, ndo maana ina kaladha ka udongo. Chagua majani machanga. Osha vizuri kwa maji safi, moja moja, maana huli ya kupikwa hii. Toa ule uti mnene (usitupe, kesho unaunga na nazi). Kunja majani pamoja, katakata nyembamba kama sukuma, nyunyiza chumvi kidogo na ndimu, halafu fikicha kwa mikono dakika moja au mbili. Yanalainika na kunywea. Hapo hata bibi asiye na meno anakula.

Sosi: vijiko 3 vya mafuta ya alizeti, kijiko 1 cha ndimu, nusu kijiko cha chai cha asali, nusu cha haradali, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa. Weka kwenye chupa yenye mfuniko, tikisa. Haradali ndo inayoshika mafuta na ndimu visiachane haraka, staa hakuiweka. Hiyo inatosha watu watatu. Mi sina friji, kwa hiyo natengeneza ya siku hiyo tu, kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta siyo cha kulaza nje.

Juu yake weka unachoweza. Tarehe za mshahara naweka kuku na parachichi. Msimu wa embe, embe na karanga za kukaanga, hapo ndo utamu wote. Tarehe 25 naweka maharage yaliyobaki jana, au yai moja la kuchemsha nimegawa vipande. Sosi hiyo hiyo namwagia hata kabichi na viazi. Tumbo lipo, ila nashiba vizuri.

Hela ya mchezo nimelipa kwa awamu nne, na nikaongeza 5,000 ya ile riba. Siku ya mwisho nilimpelekea mwenyewe nyumbani pamoja na bakuli la saladi, ile ya embe. Nikaomba msamaha, mtoto wake amesimama pale na sare ya shule. Bakuli akapokea. Mpaka leo hajalirudisha, na tukipishana koridoni ananisalimia kwa kichwa tu.