Siku Moja Ugogo: Mpwapwa, Kongwa na Bwawa la Hombolo

Wafanyakazi wengi waliohamia Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake huko mwaka 2016 hulalamika kwamba mji huo hauna mahali pa kupeleka watoto siku ya mapumziko. Bahari iko mbali, mbuga za wanyama zataka fedha nyingi, na Jumapili humalizika sebuleni. Malalamiko hayo hutoka kwa watu ambao bado hawajatazama upande wa mashariki ya mji. Huko ziko safari za siku moja zenye mafunzo kuliko vitabu vingi, na leo twakuletea moja yao.

Shirikianeni majirani familia tatu au nne, mkodi basi dogo, mkaondoke alfajiri. Chukueni chakula, kofia, na maji ya kunywa ya kutosha. Jambo la kwanza, mtafuteni mwenyeji mwenye umri, anayeijua nchi na lugha ya Kigogo, awaongoze. Mawe na magofu hayasemi peke yao.

Barabara iendayo Morogoro itawapitisha Ihumwa, kisha Chamwino. Waambieni watoto kwamba hapa, katika siku za Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alifanya kazi ya mikono pamoja na wanakijiji. Ikulu mpya iliyo hapo ilizinduliwa Mei 2023. Mbele kidogo, penye njia panda ya Mbande, mnaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kongwa. Msisimame bado, endeleeni hadi Mpwapwa, yapata kilomita 120 kutoka Dodoma, kwa maana historia ya safari hii yaanzia huko.

Mpwapwa ni mji uliozaliwa na maji. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipumzika hapa, chini ya milima yenye vijito. Mbele yao ilikuwa nyika ya Marenga Mkali, mwendo mrefu usio na maji matamu, na baada ya nyika hiyo nchi ya Wagogo. Watemi wa Ugogo walitawala visima na chakula, na kila msafara ulipaswa kulipa hongo kabla ya kupita. Neno hilo ambalo leo lina aibu lilikuwa wakati ule ushuru wa halali: mgeni alilipia maji ya wenyeji. Waulizeni watoto ni lini na kwa nini maana yake iligeuka. Mtapata mazungumzo ya saa nzima.

Wamisionari wa Kiingereza walifika Mpwapwa mwaka 1876. Wajerumani wakafuata, na mwaka 1889 Bushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga, alikishambulia kituo chao hapa. Mwaka huo huo Wissmann alijenga boma. Baadaye reli ya kati ilipita kusini ya mji, kwenye stesheni ya Gulwe, ikafika Dodoma mwaka 1910. Kuanzia hapo Dodoma ikakua, na Mpwapwa ikabaki mji mtulivu wa shule na wa utafiti wa mifugo. Ng'ombe waitwao Mpwapwa, waliozalishwa hapa kwa kuchanganya damu za aina kadhaa, ni matunda ya utafiti huo.

Mkiisha kula, rudini Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha mradi wa kulima karanga katika eka nyingi za Tanganyika, na kazi ikaanzia hapa. Yaliletwa matrekta yaliyosalia vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa vya kung'olea miti. Lakini mvua za Kongwa hazitabiriki, na udongo wake ukikauka huwa mgumu kama tofali; karanga zilizoota zilishindwa kuchimbuliwa. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na yapata pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Sehemu ya ardhi hiyo iligeuzwa kuwa malisho, nayo ndiyo kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya tangu zamani bila ya kuagiza mtaalamu.

Walakini Kongwa haikumbukwi kwa hasara tu. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa makambi hapa: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo. Samora Machel aliongoza kambi ya FRELIMO ya Kongwa kabla hajawa rais wa nchi yake. Baadhi ya wapiganaji hawakurudi kwao, na makaburi yao yapo hapo. Ombeni ruhusa, ingieni kwa heshima, na mnyamaze kidogo.

Jua likianza kupungua, rudini Ihumwa na kukata kaskazini hadi Hombolo, yapata kilomita 40 kutoka mjini. Hapo mtaona ziwa katikati ya nchi kavu: maji mapana, ndege wengi, mitumbwi ya wavuvi, na mashamba ya mizabibu karibu. Ziwa hilo ni bwawa lililojengwa mwaka 1957 kwa kuuzuia mto Kinyasungwe Mdogo. Watoto wasiogelee, maana maji ya namna hii yaweza kuwa na kichocho; na watafurahi vya kutosha kwa kutazama tu.

Hapo ukingoni, mwambieni mwenyeji wenu aeleze habari za matope. Kila masika mito huleta udongo kutoka milimani ambako miti imekatwa na majani yameliwa mno, nao hutua chini ya bwawa na kupunguza nafasi ya maji. Uzuri mnaoutazama unajaa taratibu.

Jambo hilo si la watu wa Hombolo peke yao. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu zaidi ya 700,000 katika sensa ya 2022, nalo limetegemea sana visima vya Makutupora, ambavyo navyo hujazwa na mvua ya nchi hii hii. Kila ndoo tuichotayo ni mali ya udongo na miti ya mahali fulani. Misafara ya zamani ililazimishwa kulipia maji ya Ugogo. Waliokuja na matrekta walidhani hawana haja ya kulipa wala kuuliza, wakashindwa. Sisi tuliohamia tumekuja kukaa. Hongo yetu na iwe kupanda mti na kuutunza, kufunga bomba linalovuja, na kumsikiliza mwenyeji kabla ya kupanga mipango juu ya ardhi yake. Watoto watakaoyaona haya kwa macho yao hawatahitaji kuhubiriwa.