Mistari ya Kusimama, Mistari ya Kulala

Watu wakisikia una macho mabovu huuliza mambo mawili tu: huoni mbali au huoni karibu? Mimi nilikuwa na la tatu. Kule Kitahana, wilayani Kibondo, nilisoma riwaya nimekunja uso, kichwa nimekiinamisha upande. Mistari ya kusimama niliiona vizuri; ya kulala ilififia, ikatoa kivuli kama mhuri uliogongwa mara mbili. Herufi e ilipoteza kistari chake cha katikati, ikawa c. Mwalimu mmoja akaandika kwenye ripoti yangu: mvivu wa kusoma. Mvivu! Mtu anayemaliza kitabu kizima huku kichwa kinamgonga?

Kumbe si uvivu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni umbo. Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, inatakiwa iwe na mviringo sawa kila upande, kama mpira. Yangu imejipinda zaidi upande mmoja, kama mgongo wa kijiko, kwa hiyo mwanga ukipita haukutani mahali pamoja. Jina lenyewe, astigimatizimu, asili yake ni Kigiriki: bila nukta.

Mwingereza Thomas Young aliieleza hali hii mwaka 1801, baada ya kulichunguza jicho lake mwenyewe. Mwaka 1825 mwenzake George Airy, mtaalamu wa nyota, akabuni lenzi ya silinda kwa ajili ya jicho lake la kushoto.

Lenzi hiyo ina mwelekeo wake, unaopimwa kwa nyuzi kuanzia 1 hadi 180. Ukiuzungusha kidogo tu, ukungu unarudi. Ndiyo maana miwani ya bibi, au ile ya kuchagua mezani sokoni, haikunifaa kitu: nguvu yake ni ileile pande zote. Nilihitaji kupimwa. Zipo pia lenzi za kuvaa juu ya jicho, na kwa watu wazima, upasuaji wa leza. Karoti hazinyooshi konea.

Sisi wapenda vitabu tuna haraka ya kusema watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Mtoto mwenye macho haya halalamiki, maana anadhani kila mtu anaona hivyohivyo. Kabla hujamwita mvivu, mchoree msalaba, umuulize: mstari upi umekolea zaidi? Akichagua mmoja, mpeleke akapimwe.