Nicodemus, Kansas: Kuwatafuta walowezi weusi, kizazi kwa kizazi

Kutoka Wichita, anakoishi dada yangu, hadi kijiji cha Nicodemus ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Barabara ni nzuri na foleni hakuna, lakini kama una watoto kiti cha nyuma jiandae kuulizwa "tumefika?" mara mia, maana dirishani hakuna kinachobadilika. Ngano, nyasi, ghala refu la nafaka, kisha ngano tena. Ukifika maeneo ya mji wa Ellis unaiacha barabara kuu na kushika kaskazini. Baada ya kama saa moja unakutana na kibao, majengo machache ya mawe, na ukimya.

Wakazi wa kudumu hawafiki 30. Lakini kila mwaka, mwishoni mwa Julai, mji hujaa wageni ambao wenyewe hawajioni wageni. Ni vitukuu na vilembwe vya watu weusi waliohamia hapa mwaka 1877 kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Wanakuja kula pamoja, kusali, kucheka, na kuulizana swali ambalo hata sisi tunalijua: wewe ni wa nani?

Kulijibu swali hilo hapa ni kazi, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nilidhani Mmarekani anayetafuta mababu zake hubonyeza tu simu na kupata majina yote. Kwa wazao wa Nicodemus sivyo.

Tuanze na wazee wenyewe. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kugawa ardhi, maarufu kwa jina la Homestead. Mtu mwenye umri wa miaka 21 au kichwa cha familia, awe mwanamume au mwanamke asiye na mume, aliweza kuomba hadi ekari 160 za ardhi ya serikali. Ada zote hazikuzidi dola 18 hivi. Sharti ni akae pale miaka 5, ajenge nyumba na alime. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, siku ileile lilipoanza kutumika tangazo la Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Kentucky haikuasi, kwa hiyo tangazo halikuihusu. Watumwa wa huko walisubiri hadi Desemba 1865, Katiba ilipobadilishwa.

Neno mlowezi kwetu lina harufu yake, na sitalipaka manukato. Ardhi iliyokuwa inagawiwa ilikuwa na wenyewe: Wapawnee, Wacheyenne, na Wakansa ambao jimbo linaitwa kwa jina lao. Waliokwisha kuporwa uhuru walipewa ardhi iliyoporwa kwa wengine. Simulizi za mji zinasema kuwa katika baridi ya kwanza, chakula kilipokwisha, Waosage waliokuwa wanarudi kuwinda ndio waliowagawia nyama. Mtoto wako akikuuliza nani alikuwa mwema na nani mbaya katika hadithi hii, usijibu haraka.

Waliotangaza mji walikuwa wawili: W. R. Hill, mzungu aliyekuwa akifanya biashara ya viwanja, na mchungaji mweusi, W. H. Smith. Matangazo yao yalisifu udongo na hali ya hewa. Watu wapatao 300 walitoka sehemu za Lexington na Georgetown, wakapanda treni hadi Ellis mnamo Septemba 1877, wakamalizia safari kwa nchi kavu. Walipofika hawakukuta mji. Hapakuwa na miti ya kujengea, kwa hiyo wenye majembe walichimba. Nyumba za kwanza zilikuwa mashimo kwenye kingo za vilima, yenye paa la fito na udongo.

Miongoni mwa waliofuata katika majira ya kuchipua ya mwaka 1878 alikuwemo Willianna Hickman, mke wa mchungaji. Simulizi yake ilichapwa gazetini miaka mingi baadaye, na kila mgeni wa Nicodemus huisikia. Watoto wake walishikwa na surua wakiwa njiani. Msafara ulikaa katika mahema pale Ellis kwa takriban wiki mbili, na baadhi ya watoto wa msafara walifia hapo. Kisha wakasafiri siku mbili kwa magari ya farasi, pasipo barabara, wakiongozwa na dira. Wenzake waliposhangilia kuwa wamefika, yeye alitazama huku na huku asione kitu. Wakamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Huo ndio ulikuwa mji. Akaanza kulia.

Wanangu walipoambiwa habari hiyo walitaka kujua kuhusu mashimo: nyoka waliingia? Mvua je? Mimi nilibaki pale Ellis, kwenye mahema. Tulikuwa tumeipita Ellis saa moja iliyopita na sikuwa nimepunguza hata mwendo.

Sasa fikiria wewe ni kitukuu cha mmoja wa wasafiri wale na unataka kuwajua watu wako. Wanaofanya kazi hii wanakushauri uanze nyumbani na urudi nyuma hatua kwa hatua. Unamhoji shangazi aliye hai, unaandika majina ya nyuma ya picha, unafungua Biblia ya familia penye kurasa za vizazi na vifo. Halafu unaingia kwenye sensa. Marekani hufanya sensa kila baada ya miaka 10 na majina hufungwa kwa miaka 72, hivyo ya mwaka 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Kurasa zake zinasomwa bure mtandaoni, hata kwa simu.

Kutoka 1950 unarudi 1940, 1930, hadi 1900, na njia ni nyeupe. Ukifika 1890 unaanguka shimoni: karibu sensa yote ya mwaka huo iliharibiwa na moto uliozuka Washington Januari 1921. Hapo ndipo jimbo la Kansas linapookoa jahazi, kwa kuwa lilikuwa na sensa yake katikati ya kila muongo. Ile ya mwaka 1885 iliuliza hata umetoka jimbo gani kuja Kansas. Ukiona "Kentucky" pembeni ya jina la babu yako, umepata uzi. Ya taifa ya mwaka 1880 nayo ilikuwa ya kwanza kuandika uhusiano wa kila mtu na kichwa cha nyumba. Kabla ya hapo unaona tu watu wanaoishi chini ya paa moja, na ni juu yako kubahatisha nani mke, nani dada, nani mpangaji.

Karatasi ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni faili la ardhi. Kila aliyeomba ekari zake alifunguliwa faili, na mafaili hayo yapo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Ukijua jina na mahali unaweza kuagiza nakala kwa malipo. Miaka 5 ilipotimia mlowezi alikwenda kuthibitisha, akiwa na mashahidi wawili, na ofisa akamhoji: Una mke? Watoto wangapi? Nyumba umejenga lini, ina ukubwa gani? Umelima ekari ngapi, kwa misimu mingapi? Umewahi kuondoka shambani, na kwa nini?

Hebu ona maswali hayo yanaulizwa kwa mtu ambaye miaka 20 nyuma alikuwa hana haki ya kumiliki hata kuku. Yanaandikwa majibu yake, kwa jina lake, na mashahidi mara nyingi ni majirani waliotoka naye kijiji kimoja Kentucky, kwa hiyo kupitia kwao unampata hata binamu usiyemjua. Wengi hawakufika hatua hiyo. Ukame uliwashinda, na mwaka 1888 reli iliyotarajiwa ikapita kusini ya mto, maduka yakahamia Bogue. Lakini hata aliyeshindwa anaweza kuwa na faili.

Hati yenyewe ya umiliki inatafutwa bure kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu. Inataja kiwanja kwa namba. Nchi ilipimwa kwa miraba: mraba mkubwa wenye upande wa maili 6, ndani yake vipande 36, kila kipande ekari 640, na robo yake ndiyo zile 160. Namba hizo bado zinatumika leo. Kitukuu anaweza kusimama kwenye kona ya shamba la babu wa babu yake, simu mkononi, akajua hakukosea hata hatua mia.

Baada ya hapo unakutana na ukuta, na wanaoutafuta ukoo wa watu weusi huutaja kwa mwaka wake: 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza ya taifa kuwaandika kwa majina wote waliokuwa wametoka utumwani. Katika zile za 1850 na 1860 kulikuwa na orodha maalumu ya watumwa. Jina lililoandikwa ni la mwenye mali. Chini yake ni umri, jinsia na rangi: mwanamke, 30, mweusi. Mvulana, 4. Basi. Mama mzazi wa mlowezi wa Nicodemus yumo humo, na huwezi kumtofautisha na jirani yake wa umri uleule.

Watu wanaupanda ukuta kwa ngazi tofauti. Mwaka 1866 Kentucky iliwaruhusu waliokuwa watumwa kwenda kwa karani wa kaunti kutangaza ndoa zao, hata zilizokuwa na miaka mingi. Benki ya Freedman's, iliyoanzishwa mwaka 1865 na kufilisika mwaka 1874, ilikuwa na tawi Lexington. Ilipoteza akiba za maskini, jambo la aibu kubwa, lakini daftari zake ziliandika majina ya wazazi na ndugu wa mwekaji, wakati mwingine hata ya bwana wake wa zamani. Maelfu ya wanaume walijiandikisha jeshini katika kambi ya Camp Nelson, kusini ya Lexington, na mjane aliyeomba pensheni alilazimika kusimulia maisha yake yote.

Zikikosekana zote, inabidi umfuate bwana: wosia wake, orodha ya mali alipokufa, kesi za urithi. Baadhi ya wazao wa Nicodemus wanaufuata ukoo wao hadi shamba la Richard M. Johnson wa Kaunti ya Scott, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1837 hadi 1841. Karatasi za mtu mkubwa hutunzwa. Ndiyo ajabu yenyewe: mtumwa wa mtu maarufu ana nafasi nzuri zaidi ya kupatikana kuliko mtumwa wa mkulima wa kawaida.

Narudi kwa watoto wa Ellis. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1872 akafa kwa surua mwaka 1878 hayumo katika sensa ya 1870, na hayumo katika ya 1880. Aliishi miaka 6, akacheza, akaitwa jina, na hesabu ya taifa ikampita mbele na nyuma. Kama mama yake hakusimulia, ukoo hautajua alikuwepo.

Kuna sehemu moja tu ambapo sensa inamgusa. Mwaka 1900, na tena 1910, makarani waliuliza wanawake maswali mawili: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Katika safu mbili nyembamba pembeni ya jina la mama unaweza kukuta 9, kisha 6. Hakuna maelezo mengine. Mtafuta ukoo mzoefu akiona tofauti hiyo huanza upya: anakwenda makaburini, anauliza tena wazee, anarudia Biblia. Nilimwonyesha dada yangu safu hizo kwenye simu, akazitazama muda mrefu. Yeye na mimi tunajua namba za mama yetu, na tunajua ni nani amepungua. Wanangu walikuwa hawajui. Tuliwaambia jioni ile, Wichita, pamoja na jina lake.

Ukipata nafasi ya kwenda, mwisho wa Julai ndio wakati wenyewe, ingawa joto ni kali. Tangu mwaka 1996 kijiji kinatunzwa na serikali kama eneo la kihistoria, na wageni hupokelewa katika ukumbi wa zamani wa mji, jengo la mawe lililokamilika mwaka 1939. Majengo mengine ya kuona ni makanisa mawili, shule na hoteli ya zamani. Beba maji na kofia za watoto, na ujaze mafuta Hill City kabla hujafika. Mji huo, kwa taarifa yako, unaitwa kwa jina la yule Hill mwuza viwanja.