Saanane: Ghala la Mbegu ya Samaki

Ukifika Mwanza mjini, nenda Capri Point. Hapo utapanda boti. Baada ya dakika chache utafika kisiwa cha Saanane.

Kisiwa hiki kina jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 Serikali ilianzisha hapo bustani ya wanyama. Mwaka 2013 kisiwa kikawa Hifadhi ya Taifa. Hifadhi nzima ni kilometa za mraba 2.18 tu, na sehemu kubwa ni maji.

Nilikwenda huko na wanakijiji wachache. Tuliona pimbi wakiota jua juu ya miamba. Tuliona swala na ndege wengi. Lakini mvuvi mmoja mzee alitazama maji tu.

Akaniuliza, "Bwana shamba, samaki wako hapa karibu. Kwa nini tunakatazwa kuvua?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, sato jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni. Huwalea katika maji ya kina kifupi yaliyotulia. Ukivuta kokoro mahali kama hapo, unaua mama na watoto. Mkulima hata akiwa na njaa hagusi mbegu. Hapa ni ghala la mbegu. Samaki wakikua hutoka nje, nawe utawavua."

Akauliza tena, "Na walinzi hulipwa na nani?"

Hilo ni swali zuri. Ulinzi unataka boti, mafuta na mishahara. Watalii hulipa kiingilio, na fedha hizo husaidia kazi hiyo. Zanzibar kuna kisiwa cha Chumbe. Matumbawe yake ni nyumba ya samaki wa baharini. Yanalindwa kwa sheria tangu mwaka 1994, na fedha za watalii hulipa walinzi. Baadhi ya walinzi hao walikuwa wavuvi.

Lakini fedha peke yake haitoshi. Mazalia mengi ya samaki hayamo ndani ya hifadhi. Yako mbele ya vijiji vyetu, penye matete na miamba. Huko hakuna kiingilio wala boti ya doria kila siku. Mlinzi ni wewe, pamoja na BMU ya mwalo wenu.

Tulipokuwa tukirudi, mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu ana kokoro. Leo jioni nitazungumza naye."

Je, wewe utazungumza na nani?