Mchezo wa Kale kwa Mkono Mpya

Watu wengi hudhani kuwa mchezo wa video ni picha tu zinazokimbia juu ya kioo cha televisheni. Mimi naona sivyo. Mchezo huo una pande mbili: yale yaonekanayo kiooni, na yale yafanywayo na mkono wa mchezaji. Mkono ukibadilishwa, mchezo nao umebadilika, hata kama picha ni zile zile. Hayo ndiyo nipendayo kuzungumza leo na wasomaji, hasa wazazi wenzangu tuliolea watoto katika nyumba za askari, ambako watoto wa jamaa nyingi hukusanyika mbele ya televisheni moja.

Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine iitwayo Wii. Kabla ya hapo, mchezaji wa mashine za kampuni hiyo alizoea kushika kishikio kimoja kwa mikono miwili, huku akibonyeza vitufe na kusukuma vijiti vidogo kwa vidole gumba. Kishikio cha Wii kilifanana na kile cha kubadilishia stesheni za televisheni. Kilishikwa kwa mkono mmoja, nacho kilitambua mkono unapopunga, unapopinda au unapoelekea mahali fulani kiooni. Michezo mingine ilihitaji pia kipande cha pili chenye kijiti, kilichounganishwa na cha kwanza kwa waya. Mashine hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Ilipofika Desemba 2008, kampuni hiyo ikaanza kuitoa upya huko Japani baadhi ya michezo ya mashine yake iliyotangulia, GameCube, ikiwa imerekebishwa ili ichezwe kwa mwendo wa mkono.

Wako waliosema kuwa hiyo ilikuwa njia ya kuuza kitu kimoja mara mbili. Biashara ni biashara, wala siwezi kukana. Lakini mimi nina sababu ya kutolipuuza jambo hilo. Nilipokuwa kazini nilipata ajali ya lori, na tangu siku hiyo vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havijikunji. Mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Uingereza, alituletea mashine ya Wii iliyokwisha tumika, pamoja na michezo michache. Kishikio cha zamani, ambacho vitufe vyake vikubwa vimepangwa upande wa kulia, kisingenifaa kitu. Lakini hivi vipande viwili vya Wii havikuuliza mkono upi ni upi. Nilishika chenye kijiti kwa mkono wa kulia, kwa maana kidole gumba changu ni kizima, na kile cha kuelekeza nikakishika kwa mkono wa kushoto.

Mchezo nilioanza nao ni Pikmin, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2001. Ndani yake nahodha mdogo ameanguka na chombo chake katika sayari ngeni, naye ana siku 30 za kutafuta vipande 30 vya chombo hicho. Wasaidizi wake ni viumbe wadogo wanaochipuka ardhini kama mimea. Shigeru Miyamoto, aliyeubuni mchezo huo, alipata wazo lake katika bustani ya nyumbani kwake. Hapo zamani, mchezaji alilenga shabaha kwa kusukuma kijiti, na alama ya shabaha ilitangulia mbele ya nahodha popote aendapo. Katika toleo jipya, mkono unaelekezwa pale unapopataka, na kiumbe anarushwa pale pale. Kwa askari aliyefundishwa kulenga, tofauti hiyo haihitaji maelezo marefu. Jioni ile nilicheza pamoja na watoto wangu, si kama mtazamaji wa kupewa kiti cha pembeni, bali kama mmoja wao.

Hata hivyo, kipya kinyemi ingawa kidonda. Si kila marekebisho yalikuwa faida. Chukueni mfano wa Donkey Kong Jungle Beat, mchezo wa sokwe, uliotolewa Japani mwaka 2004. Huo ulichezwa kwa ngoma mbili ndogo zilizoshikana. Ukipiga ya kulia, sokwe anakwenda kulia; ukipiga ya kushoto, anakwenda kushoto; ukipiga zote mbili kwa pamoja, anaruka. Ukipiga makofi, kinasa sauti kilichomo katikati ya ngoma hizo kinasikia, na sokwe naye anapiga makofi. Ulipotolewa upya mwaka 2008 kwa ajili ya Wii, ngoma ziliondolewa. Sokwe akaendeshwa kwa kijiti, na mapigo yakawa kutikisa mikono hewani. Mpwa wangu alipotueleza habari hiyo, mama watoto aliacha kuchambua mchele akauliza, “Sasa Baba Watoto, ngoma isiyo na ngoma ni ngoma gani?” Sikuwa na jibu. Atokaye katika nchi zetu ajua kuwa ngoma haiko masikioni tu, bali imo viganjani. Picha za sokwe zilibaki, lakini kiganja kilipoteza kazi yake.

Lakini mfano ulionigusa zaidi ni wa mchezo uitwao The Legend of Zelda: Twilight Princess. Shujaa wake, kijana aitwaye Link, katika michezo mingi ya nyuma alishika upanga kwa mkono wa kushoto. Mchezo huu ulianza kutengenezwa kwa ajili ya GameCube, kisha ukatolewa pia kwa Wii mwaka 2006. Watengenezaji walitambua kuwa wachezaji wengi wangepunga upanga kwa mkono wa kulia. Badala ya kumchora Link upya, waligeuza ulimwengu mzima kama unavyogeuka katika kioo cha kujitazamia. Mashariki ikawa magharibi, njia ya kulia ikawa ya kushoto, naye Link akawa mtu wa mkono wa kulia.

Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 9 wakati huo, ni wa mkono wa kushoto. Mpwa wangu alipomwonyesha picha za Link wa zamani, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Baba, kwa hiyo walikuwa wamemuumba kama mimi, halafu wakageuza dunia nzima kwa sababu ya mkono mmoja?”

Yafaa msomaji aelewe swali hilo lilitoka wapi. Katika siku zile mama mkwe wangu alikuwa akiishi nasi. Kwa desturi alizolelewa nazo, mkono wa kushoto haupokei, hausalimii wala hauli. Mtoto alipoinua kijiko kwa kushoto alipigwa kikofi cha mkono, na alipoandika alinyang’anywa kalamu, ikahamishwa. Alikwisha anza kuficha daftari zake. Naye mama mkwe si mtu mkatili, la hasha. Aliogopa kuwa mjukuu wake angeonekana hana adabu mbele za watu.

Usiku ule nilimwendea kwa heshima ipasayo, nikamsimulia habari za mchezo. Nikasema, “Mama, wenzetu wamegeuza ulimwengu mzima, milima na mito, ili mkono wa mchezaji usisumbuke. Sisi twaombwa tusogeze kikombe tu kutoka upande huu kwenda upande ule.” Alicheka, kisha akatafakari. Kulipokucha alitoa hukumu yake mezani: salamu na kupokea vitu vya wakubwa ni kwa mkono wa kulia, maana hiyo ni heshima, lakini kalamu ni ya mtoto mwenyewe. Daftari zikatoka mafichoni. Leo binti huyo yumo chuoni, naye anaandika kwa mkono wake.

Nimefurahi kuona kuwa hata watengenezaji hawakuishia pale. Twilight Princess ilipotolewa upya mwaka 2016 kwa mashine ya Wii U, Link alirudishiwa mkono wake wa kushoto katika mchezo wa kawaida, na ulimwengu uliogeuzwa ukawekwa kwa wale wanaochagua kiwango kigumu. Tena kuna Skyward Sword ya mwaka 2011, ambayo ilimlazimu kila mchezaji kupunga mkono, kwa kuwa upanga ulifuata pembe ya mkono wake. Ilipotolewa upya mwaka 2021 kwa mashine ya Switch, kupunga kulibaki, lakini anayetaka aliweza kuuongoza upanga kwa kijiti, akiwa ametulia kitini. Hilo ni jambo kubwa. Wako wenzetu waliorudi kutoka kazini bila mkono wa kuinua, na wako wazee wenye mabega mazito. Mwendo wa mkono ulionifungulia mlango mimi, wao ungewafungia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utoaji mpya wa mchezo wa kale usipimwe kwa ung’avu wa picha peke yake. Pima kwa mikono ya watu wa nyumbani mwako. Kabla ya kutoa fedha zako, uliza: mchezo huu wachezwa kwa mkono upi? Je, aliyezoea vitufe ameachiwa vitufe vyake? Je, asiyeweza kuvitumia amepewa njia nyingine? Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawakutukataza kuutandika msala kando ya mbacha. Mtengenezaji bora ni yule anayeongeza njia mpya bila kuifunga ile ya zamani, na mzazi aweza kufanya hivyo hivyo mezani kwake.