Mtumbwi Uliolala Kolo

Mjomba wangu aliuza ng'ombe wawili akanunua mtumbwi. Kwa masikio ya watu wa kwetu, habari hiyo ina mambo mawili yasiyoingia akilini. La kwanza ni kuuza ng'ombe wakati hakuna mgonjwa, harusi wala msiba. La pili ni mtumbwi wenyewe, kwa sababu Kolo hakuna ziwa. Kuna barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, kuna ofisi ya mambo ya kale, na kuna miamba yenye michoro ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Nimeipanda miamba ile tangu utotoni, nimeona twiga, tembo, pofu na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Mtumbwi sijawahi kuuona.

Ziwa liko Haubi, mashariki, ng'ambo ya vilima. Mtumbwi ulitoka Babati juu ya Canter, umetumika miaka kadhaa, mbao zake zimezibwa kwa pamba na lami. Uliposhuka Bereko giza lilikuwa limeingia, dereva akakataa kuendelea na njia ya Haubi usiku, kwa hiyo ulilala uani kwetu, Kolo. Asubuhi watoto wa jirani walikuwa wameshaujaza, wanapiga makasia hewani. Mama aliuzunguka mara mbili bila kuugusa.

"Kaka, wewe unajua kuogelea?"

"Nitajifunza."

"Na huyu?" Akanionyesha mimi.

Mjomba akasema msomi hashindwi kitu. Mama hakucheka. Sisi ni watu wa milima, alisema, akaingia ndani kuchemsha chai.

Nilikuwa nimechangia nyavu kutoka kwenye posho yangu ya utafiti, na nilikuwa na wiki sita kabla ya kurudi chuoni, ndiyo maana "huyu" alikuwa mimi. Lakini sababu ya mtumbwi haikuwa mimi. Binti yake wa mwisho yuko chuo cha uuguzi na ada ya muhula wa pili ilikuwa haijapatikana. Ng'ombe wawili wangeilipa mara moja, wakaisha. Mjomba alitaka kitu kitakachoendelea kulipa.

Na kuna jambo jingine, ambalo nalisema mimi, si yeye. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu vilima vya Irangi vilikuwa vimeliwa na makorongo. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote itoke: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mjomba alikuwa na miaka 11. Alitembea na babu siku nzima nyuma ya kundi kuelekea nyanda za chini, na alirudi bila kundi. Baadaye ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa zizini waliruhusiwa, na wale wawili aliowauza walikuwa wa ukoo huo. Miti imerudi, makorongo mengi yameota majani, na wataalamu wanautaja mradi ule kama mfano. Sina ubishi na miti. Ila nimekulia kwa watu ambao wakihesabu miaka huanza na mwaka ule ng'ombe walipoondoka, na naona mtu aliyewahi kunyang'anywa mali yenye miguu anaweza kufikiria mali ya mbao kwa wepesi kuliko sisi.

Udongo uliotoka vilimani ulikwenda mabondeni, na sehemu yake iko Haubi. Watafiti wamechimba tope la ziwa lile kusoma historia ya mmomonyoko, tabaka kwa tabaka. Kwa mvuvi mpya maana yake ni nyepesi zaidi: maji yana rangi ya chai ya maziwa, kina ni kifupi, na ukichomeka mti wa kusukumia mtumbwi, tope huung'ang'ania.

Kabla ya kwenda niliingia intaneti kutafuta mafunzo ya uvuvi kwa wenye boti ndogo. Video karibu zote zilinipeleka kwenye samaki mmoja, kokanee, samoni wa Marekani na Kanada asiyekwenda baharini, anayemaliza maisha yake ziwani, akifikia kuzaa hugeuka mwekundu, kisha hufa. Wanaomtafuta wana vipimajoto, kwa sababu yeye hufuata maji ya baridi chini sana, na wana mashine ya kuteremsha mshipi hadi kina hicho. Nilimsimulia mjomba.

"Kokanee? Si kokoro hilo? Tutafungwa."

Kokoro kweli limekatazwa. Nikafunga simu.

Aliyetufundisha ni mzee wa Haubi ambaye wote tulimwita Babu. Alianza na kukaa. Siku mbili nzima tulikaa tu, karibu na ukingo, kila mmoja na madumu mawili matupu ya lita tano yamefungwa kiunoni, kwa sharti la mama. Ukitaka kugeuka, geuza kiuno, usinyanyue makalio. Mmoja akiinamia kulia, mwenzake asimfuate kuangalia. Siku ya tatu alitufundisha kukumba maji, maana mtumbwi ulikuwa unavuja kwenye kiungo kimoja mbele, ndipo akatuonyesha kukalafati upya.

Nyavu tulikwisha kununua za nyuzi. Muuzaji alitusukumia timba, zile za plastiki zinazong'aa, bei nusu. Haziruhusiwi, na Babu alisema samaki anayenasa humo mkipoteza wavu ataoza humo. Perege, alieleza, dume huchimba kiota kama sahani kwenye maji mafupi na jike hubeba mayai mdomoni. Ukitega juu ya viota leo, mwakani utavua maji. Kambale huvuliwa kwa ndoana, usiku, na chambo chake cha bei nafuu ni kipande cha sabuni ya mche. Hili la sabuni nilidhani ni mzaha wa wageni mpaka nikamwona kambale wa kwanza.

Usiku wa kwanza tulitega machweo, tukalala kwenye kibanda, tukarudi alfajiri. Perege kumi na mmoja, kambale wawili. Upepo wa mashariki uliamka mapema kuliko alivyosema Babu, mtumbwi ukaanza kupigwa ubavuni, maji yakaingia. Mjomba aliacha wavu, akashika ukingo kwa mikono miwili, akaanza kusoma dua kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa. Nilikumba maji kwa sufuria, yeye akasoma, mti ukapata tope gumu, tukasukuma. Tulipofika hakusema lolote kuhusu hilo. Alihesabu samaki tena.

Kwa mama tulipeleka perege watatu. Aliwapokea, akauliza upepo ulikuwaje.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka chombo kisajiliwe na kiwe na leseni, na hilo lilikula mauzo ya siku za mwanzo. Kamba ikafuata, kisha lami, kisha bodaboda ya kupeleka samaki Kondoa kabla jua halijapanda. Daftari ninaliweka mimi. Mjomba hunitumia hesabu kwa ujumbe wa simu kila Ijumaa baada ya swala. Hadi wiki iliyopita nusu ya ada imelipwa, na chuo kimempa binti hadi mwisho wa mwezi. Zizini bado kuna ndama mmoja. Mjomba anasema huyo hauzwi. Mama anasema ngoja tuone, na ameanza kuuliza watoto wa Haubi hujifunzia wapi kuogelea.