Bastola Iliyopona Ilale Wapi?

Kwa miaka mingi, bastola ya Colt ya marehemu babu ililala kwenye droo ya chumbani, katika nyumba moja huko Texas, Marekani. Ni ya muundo wa mwaka 1873. Silinda yake ilizunguka ovyo, hivyo kila mtu aliiona chuma chakavu.

Jumamosi moja baba wa watoto wawili aliamua kuitengeneza. Alihakikisha matundu yote sita hayana risasi, ndipo akaifungua. Springi ndogo ya ndani ilikuwa imekatika. Akaweka mpya na kuiunga. Alipovuta nyundo nyuma, ikalia mara nne, silinda ikakaza.

Mkewe akauliza, "Sasa imepona, italala wapi?"

Swali likamfikirisha. Bastola ya muundo huo, nyundo ikiegemea risasi, ikianguka tu inaweza kufyatuka. Ndiyo maana watu wa zamani walijaza risasi tano, tundu la mbele ya nyundo wakaliacha tupu. Tena springi kukatika hakukumaanisha kwamba haiwezi kuua.

Jioni hiyo iliingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Risasi zikafungiwa kwingine. Mzazi, silaha mbovu nayo ni silaha.